Vihisi Waliozikwa Hai

Barua ilifika Ijumaa saa nne asubuhi. Tarishi wa chuo aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayekabidhi panya, akaiweka mezani na kuondoka bila kuaga. Ilikuwa na mhuri mwekundu wa Kamati ya Maadili ya Utafiti. Dokta Kwikwi aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa, kisha akaisoma mara ya tatu kwa sauti ili fundi wake naye asikie.

"Kamati imepokea kwa mshtuko mkubwa muhtasari ulioambatanishwa na maombi yako ya kupandishwa cheo kuwa Profesa. Katika ukurasa wa kwanza unakiri kwamba vihisi arobaini walizikwa wakiwa hai chini ya barabara za mji. Unasema wanne walikufa maji wiki ya kwanza, nanyi mkawapasua matumbo kuona sababu. Katika ukurasa wa pili unaeleza kwamba walionusurika walilishwa kidogo kidogo ili ijulikane nani atazimia kwanza, na kwamba mmoja aliyekuwa akipiga kelele ovyo alinyamazishwa. Unatakiwa kufika mbele ya Kamati Jumanne saa tatu asubuhi, ukiwa na fomu za ridhaa za vihisi wote, zilizotiwa sahihi na wao wenyewe au na walezi wao."

Fundi aliweka chini chuma cha kulehemu. Alifikiri kidogo.

"Walezi wao si ndio sisi?" akauliza.

Hapo ndipo Dokta alipopasuka. Alicheka mpaka akashika meza, meza ikashika kabati, na kabati likamwaga debe la skrubu. Na kama ilivyokuwa desturi ya mwili wake tangu utotoni, kicheko kilipokwisha kilimwachia kwikwi. Kwik. Kwik. Wanafunzi ndio waliompa jina hilo, wala hakulikataa. Alisema jina ulilopewa kwa kosa lako halikupotezi. Watu wakikusikia tu, wanajua uko chumba gani.

Lakini kicheko hicho kilikuwa na mwiba ndani yake. Mara mbili alikuwa ameshaomba uprofesa, na mara mbili amekataliwa. Mara ya kwanza aliambiwa amepungukiwa na chapisho moja. Mara ya pili machapisho yalitimia, lakini jarida lililochapa mojawapo lilikufa wiki mbili kabla ya kikao, akaambiwa hawahesabu watoto wa marehemu. Hii ilikuwa mara ya tatu na ya mwisho, maana baada ya miezi mitatu angetimiza miaka sitini. Sheria ya chuo haikuwa na kona: asiye profesa, akifika sitini, anarudisha ufunguo. Profesa anaruhusiwa kubaki mpaka sitini na mitano. Baraza la chuo lingekaa Alhamisi, na baada ya hapo lisingekaa tena kwa nusu mwaka. Faili lenye zuio la Kamati ya Maadili halifiki barazani. Na Chumba namba 14, ambacho kabla yake kilikuwa stoo ya madawati mabovu, kingerudi kuwa stoo ya madawati mabovu, na wale waliolala chini ya barabara wangebaki wakisema bila mtu wa kuwasikiliza.

"Fundi," alisema akijifuta machozi, "tumekwisha. Kwik. Na tumekwisha kwa sababu ya herufi."

Ilikuwa kweli. Kihisi, kwa asiyekijua, ni kifaa kidogo kinachosikia kitu kimoja na kukisema: joto, mwanga, mtikisiko, sauti. Kihisi cha kawaida ni kama mtoto mdaku. Kila anachokiona anakitangaza, mpaka watu wanaacha kumsikiliza. Vihisi alivyovitengeneza Dokta vilikuwa na akili. Unakifunga juu ya bomba la maji chini ya ardhi, nacho kinakaa wiki nzima kikijifunza mlio wa bomba lile: maji ya asubuhi watu wakioga, maji ya mchana, ukimya wa usiku. Kikishajua desturi ya nyumba, kinanyamaza. Kinasema siku moja tu, siku ambayo bomba limetoboka na maji yanapotea udongoni pasipo mtu kuona. Kujua kusema ni ujuzi mdogo. Kujua kunyamaza mpaka pawe na la kusema, huko ndiko kulikomchukua miaka kumi na minane.

Sasa kila mzawa wa lugha anajua kwamba kiti kimevunjika na mtoto ameanguka, na hakuna anayesema kiti ameanguka. Kihisi ni kitu. Kilipaswa kulala, kuamka na kuzimika kama vitu. Dokta alikuwa ameandika kurasa mbili nzima ambamo kihisi *amelala*, *ameamka*, *amekataa kula*. Mwenyekiti wa Kamati alikuwa bingwa wa magonjwa ya mifugo ambaye maishani hajawahi kukutana na neno kihisi. Alipoona "vihisi walizikwa", alifanya kile ambacho ungefanya wewe. Akakumbuka "vijana walizikwa", "viziwi walizikwa", "vipofu walizikwa". Akaamua kwamba vihisi ni aina fulani ya watu, na bila shaka ni wanyonge.

Ugonjwa huo wa lugha Dokta aliuambukizwa na Fundi. Lakini mbegu yake ilikuwa ya zamani zaidi. Mama yake alikuwa mpokea simu wa hospitali, mwanamke mwembamba aliyekaa mbele ya ubao wa matundu na waya, na alijua anayepiga kabla hajatamka neno. "Huyu ni daktari wa wodi ya watoto," alikuwa akimnong'oneza binti yake aliyekuja kufanyia kazi za shule miguuni pake. "Sikiliza. Anavuta pumzi kama anayetaka kuzamia." Kisha anachomeka waya na kusema, "Ndiyo Daktari." Binti alikua akiamini kwamba kila kitu kina pumzi yake kabla ya sauti, na anayesubiri ataisikia.

Darasa la uhandisi lilikuwa na wavulana thelathini na yeye. Siku ya kwanza mhadhiri alimwuliza kama amepotea njia. Akajibu kwamba kama amepotea basi amepotea na wengi. Kwa shahada ya pili alichunguza vipimajoto vya mashine za kutotolea vifaranga, akagundua kwamba kimoja kati ya vitano husema uongo, na kwamba vifaranga ndio wanaoijua kweli ila hakuna aliyewauliza. Kwa shahada ya tatu alikwenda mbali, kwenye chuo chenye sakafu zinazong'aa, akakaa miaka minne akisikiliza mabomba ndani ya barafu. Alirudi na sanduku la vitabu, koti ambalo hakulivaa tena, na barua ya kuajiriwa iliyomkabidhi Chumba 14, madawati sabini mabovu na fundi mmoja.

Fundi alikuwa mtengeneza redio kabla chuo hakijamchukua. Siku ile ya kwanza alifungua sakiti ya kipimo kilichokufa, akaielekeza dirishani, akasema, "Huyu ameungua. Huyu anaumwa, lakini atapona. Huyu hapa anajisingizia."

Dokta aligeuka kutazama mlangoni. "Nani?"

"Huyu," alisema Fundi, na kwa ncha ya bisibisi akamgusa kidude kisichozidi punje ya mtama.

Dokta alicheka mpaka kwikwi ikamkaa siku mbili. Na tangu hapo, katika chumba kile, hakuna kitu kilichowahi kuwa kitu. Betri walichoka. Waya waligombana. Vihisi walipoanza kutengenezwa walipewa namba, lakini Fundi hakuweza kumwita mtu namba, kwa hiyo yule aliyeripoti uvujaji kila siku saa sita na nusu akaitwa Mzushi. Walichimba mara tatu wasione hata tone. Mara ya nne Dokta alikaa mwenyewe barabarani na saa mkononi, na saa sita na nusu ilipofika akasikia: juu ya bomba lile, nyuma ya ukuta, wanafunzi mia nne wa shule ya msingi walikuwa wametolewa mapumziko na wote wamekimbilia choo kimoja. Mzushi hakuwa amezua chochote. Walimwomba radhi kwa sauti, yeye na Fundi, wameinama juu ya shimo, na wapita njia wakawapisha kwa heshima wanayopewa wenye matatizo.

Mwalimu wa Kiswahili katika shule hiyo alitoka kuja kuona ni nani wanaoongea na shimo. Alikuwa mwanamume aliyefiwa na mkewe, mpole, mwenye kalamu nyekundu nyuma ya sikio. Mwaka uliofuata akawa mume wa Dokta.

Huyo ndiye aliyeuhariri muhtasari.

Ijumaa ile, Dokta aliporudi nyumbani, alimkuta Mwalimu sebuleni akisahihisha insha. Akampa barua. Mwalimu aliisoma polepole, midomo ikitembea. Alipofika kwenye "vihisi walizikwa" alisimama. Akarudi nyuma. Akasoma tena. Kisha akavua miwani na kuiweka juu ya insha za watoto kama mtu anayesalimisha silaha.

"Mimi ndiye niliyeupitia," alisema.

"Wewe ndiye."

"Kwa kalamu nyekundu."

"Uliongeza mkato mmoja."

"Mikato mitatu!" Mwalimu alisimama. "Miaka thelathini na mitatu nawafundisha watoto wa watu upatanisho wa kisarufi. Juzi nimemkata mtoto alama mbili kwa kuandika *kikombe ameanguka*. Mbili! Nikarudi nyumbani nikasoma *vihisi wamegoma*, na unajua nilifikiri nini?"

"Nini?"

"Nilifikiri, masikini, wamegoma tena."

Wakatazamana. Dokta alijitahidi. Aliubana mdomo, akatazama dari, akatazama viatu vyake. Ikamtoka kwanza puani, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kumsaidia mwenzake, mume na mke walicheka wameshikana mabega katikati ya sebule, huyu akisema "masikini!" na yule akisema "wamegoma!", mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama kuna msiba.

Kicheko kilipokwisha, Mwalimu alibaki amemshika mabega. "Wakikuzuia," alisema taratibu, "itakuwa mimi ndiye niliyekustaafisha."

"Acha, mume wangu. Kwik."

"Nakuja Jumanne."

"Hukuitwa."

"Basi nitakaa nje. Benchi halihitaji barua."

Jumanne saa tatu kasoro dakika tano walikuwa watatu kwenye korido: Mwalimu na suti yake ya mahafali, Dokta na faili, na Fundi amekumbatia boksi la kadibodi lililofungwa kwa utepe. Mwalimu alibaki kwenye benchi. Wawili wakaingia.

Meza ilikuwa ndefu na imefunikwa kitambaa cha kijani. Kichwani alikaa Mwenyekiti, mtu mkubwa mwenye mikono ya kushikia ndama. Kushoto kwake alikuwa katibu, mwanamke mwenye kalamu iliyokwisha kunolewa kwa vita. Kulia kwake alikuwa bingwa wa sarufi kutoka kitivo cha lugha, mzee mwenye tai ya kipepeo. Wajumbe wengine wawili walikuwepo kutimiza idadi.

"Umekuja na nani, Dokta?" aliuliza katibu.

"Na fundi wangu. Na watatu kati ya walionusurika."

Katibu alitazama mlango. "Waingie."

"Wameshaingia," alisema Fundi, na akaligongagonga boksi.

Kalamu ya katibu ilianguka. "Watatu? Humo?"

"Wanaenea vizuri tu, mama. Nimewawekea sponji wasigongane vichwa."

Dokta alihisi kitu kikimpanda kifuani. Alikijua. Alikijua kama mtu anavyojua hatua za mdai wake kwenye ngazi. Akauma kalamu.

"Wanapumua?" Mwenyekiti aliuliza.

Fundi hakuwa mtu wa mzaha mbele ya kitambaa cha kijani. Alijibu kwa ukweli wote wa ufundi wake. "Hapana, mzee. Matundu yote tumeyaziba kwa gundi. Wakipata hewa wanapata unyevu, na wakipata unyevu ndiyo basi tena."

"Mungu wangu," alisema mjumbe mmoja wa kutimiza idadi.

"Kwik," alisema Dokta.

"Unacheka?" Mwenyekiti alisimama. "Dokta, unacheka?"

"Sicheki, Mwenyekiti. Kwik. Ni maradhi. Fungua, Fundi, kwa hisani yako, fungua haraka."

Fundi alifungua utepe, akatoa sponji, na akawapanga juu ya kitambaa cha kijani mmoja baada ya mwingine: makopo matatu ya plastiki ngumu, kila moja la ukubwa wa embe dogo, na mkia wa waya. "Huyu ni Mzushi," alisema. "Huyu Bwana Kimya. Na huyu mwenye mkwaruzo ni Shangazi, kwa sababu anajua habari za mtaa mzima."

Wa kwanza kuelewa alikuwa bingwa wa sarufi. Alitoa leso, akaiweka mdomoni, na mabega yake yakaanza kuruka. Katibu alifuata. Wa kutimiza idadi walitazamana na kujificha nyuma ya makaratasi. Ni Mwenyekiti peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe maneno "mshtuko mkubwa". Alikuwa amemwambia mkuu wa chuo. Shingo yake ilipanda rangi polepole, na Dokta, ambaye kazi yake yote ilikuwa kusikiliza bomba kabla halijapasuka, aliisikia hatari. Mtu mzima akiumbuka hatafuti ukweli. Hutafuta mlango wa kutokea.

"Vizuri," Mwenyekiti alisema. "Hakuna aliyezikwa. Nafurahi. Basi muhtasari huu umeandikwa kimakosa, na kanuni ya kumi na moja inasema waraka wenye makosa hurudishwa kwa mwandishi na kuletwa tena kikao kijacho."

"Kikao kijacho ni lini?"

"Baada ya miezi sita."

Kwikwi ilikatika. Ilikatika ghafla, kama redio iliyochomolewa. "Mwenyekiti," alisema Dokta, "mimi nina miezi mitatu."

"Kanuni haijui umri."

"Kama si kosa? Kama nilikusudia kuandika hivyo?"

Hapo bingwa wa sarufi alishusha leso, na kwa masikitiko ya mtu anayependa mchezo mzuri akasema, "Hapo utajifunga zaidi, dada yangu. Ukisema upatanisho ni sahihi, umesema wana uhai. Wakiwa na uhai ni lazima wawe na ridhaa. Wasipokuwa na uhai, waraka una makosa. Chagua tundu, mtego ni mmoja."

Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa Dokta hakuona cha kuchekesha. Aliwatazama wale watatu juu ya kitambaa cha kijani. Walikuwa wamenyamaza, kama alivyowafundisha.

"Nani aliuhariri?" bingwa aliuliza, akipindua ukurasa wa mwisho. "Hapa pameandikwa, *Umepitiwa na mwalimu wa Kiswahili.* Mwalimu gani huyo?"

Mlango ulifunguka kabla hajajibiwa. Mwalimu alikuwa na sikio refu kuliko heshima. "Ni mimi," alisema. "Nimekuja kukiri."

"Mwalimu," bingwa alisema kwa upole wa watu wa kazi moja, "kifaru wa porini amekula majani. Kifaru cha jeshi kimekula mafuta. Neno ni moja, pembe ni ileile. Tofauti ni nini?"

"Ni roho."

"Na hiki?" Akamgusa Shangazi.

"Darasani ningesema kama wewe, na ningekata alama mbili. Lakini naomba nimuulize Mwenyekiti swali moja. Mheshimiwa, mama mzazi unaye?"

"Ninaye. Ana miaka themanini na minne. Kwa nini?"

"Ni nani wako?"

"Ni mama yangu."

"*Yangu*. Kama nyumba yangu. Kama kofia yangu. Mbona hukusema mama wangu?"

Mwenyekiti alifungua mikono yake mikubwa. "Ndivyo inavyosemwa."

"Ndivyo. Mama yangu, baba yangu, rafiki yangu; wale tunaowapenda kuliko wote tunawaita kama kofia, na hakuna kamati iliyowahi kutushtaki. Sarufi ni nyumba imara, mheshimiwa, lakini pale karibu na moyo sakafu yake ina utelezi. Watu wote wameteleza upande ule. Nyumbani kwangu tumeteleza upande huu. Miaka yote naambiwa mezani: wameamka, wamesusa, Shangazi anaumwa. Siku moja nilimwamkia jirani kwa furaha nikamwambia Shangazi amefufuka. Aliniletea maua." Akainamisha kichwa. "Kosa ni langu. Mke wangu msimrudishe. Mimi mnaweza kunirudisha darasa la pili."

Bingwa wa sarufi aliipiga meza kwa kiganja. "Hoja nzuri! Ila sijui ni ya sarufi au ya ndoa."

"Kwangu mimi," alisema Mwalimu, "sijawahi kuziona zikitengana."

Mwenyekiti alikuwa anamtazama Shangazi. Alinyoosha mkono, akamchukua, akampindua kama anavyopinduliwa kifaranga kutazamwa jinsia. Mkwaruzo ule akaupitishia kidole gumba. Na pale, taratibu, uso wa aliyeumbuka ukaondoka na uso wa daktari ukaja.

"Wanakula nini?" aliuliza.

"Umeme," Dokta alisema. "Kidogo sana. Betri moja kwa miaka mitatu."

"Wanasikia?"

"Kuliko mimi na wewe."

"Wanaumwa?"

"Sana, majira ya mvua."

"Na hao wanne?"

"Walikufa maji. Kosa lilikuwa langu; niliwapa gundi mbaya."

Mwenyekiti alitikisa kichwa kama anayepokea taarifa ya zizi. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu mle ndani aliyelitegemea.

"Wana uti wa mgongo?"

"Hawana," alisema Fundi. "Wana skrubu mbili."

"Katibu," alisema Mwenyekiti, na kwa mara ya kwanza pembe moja ya mdomo wake ilipanda, "niletee fomu namba tisa."

"Namba tisa, Mwenyekiti? Ile ya konokono?"

"Konokono, mchwa, minyoo na *wengineo* wasio na uti wa mgongo. Soma mwenyewe: wengineo. Haijasema vinginevyo. Fomu hiyo haidai ridhaa ya mtu yeyote. Inadai sahihi ya mtafiti na yangu. Waraka ni sahihi, viumbe wamesajiliwa, na faili linakwenda barazani."

"Mwenyekiti," bingwa wa sarufi alisema akilia machozi, "unaisajili plastiki kama konokono."

"Nawasajili," Mwenyekiti alimsahihisha. Na hapo naye akapasuka. Kicheko chake kilikuwa cha mtu wa zizini, kikubwa na cha kishindo, Mzushi akabingirika mpaka ukingoni mwa meza, Fundi akamdaka hewani, katibu akapiga ukelele, "Jamani, mshikeni asiumie!" kisha akajishika mdomo.

Fomu ilijazwa palepale juu ya kitambaa cha kijani, vichwa vinane vimeinama juu ya karatasi moja. Spishi: kihisi. Idadi: thelathini na sita. Makazi: juu ya bomba, chini ya barabara. Chakula: umeme. Tabia: wapole, hunyamaza. Kipengele cha saba, namna ya kuzaliana, Dokta alikiacha wazi, maana kwikwi ilikuwa imerudi kwa nguvu na mkono haukumtii.

Alhamisi Baraza liliketi saa nne. Dokta hakuweza kukaa ofisini. Alimchukua Fundi wakaenda kumbadilishia betri kihisi mmoja karibu na stendi ya baiskeli, na saa tano ilimkuta amelala kifudifudi kando ya barabara, mkono mzima ndani ya shimo, shavu juu ya lami. Simu ikalia. Fundi akaitazama.

"Ni mzee wa konokono," alisema, akamwekea sikioni.

"Dokta," sauti ya Mwenyekiti ilikuwa ya kunong'ona, na nyuma yake palisikika mngurumo wa watu wengi, "tumekwama."

Moyo wake ukaanguka ndani ya shimo. "Tumekwama wapi?"

"Kipengele cha saba. Hukujaza namna ya kuzaliana. Mkuu wa chuo anasema fomu isiyokamilika haipiti. Baraza zima linakusubiri."

Dokta alifumba macho. Chini, gizani, vidole vyake vilikuwa vimemshika kihisi mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, vuguvugu kama yai. Alijua angeweza kuanza kueleza, na kwamba akianza kueleza angekuwa bado anaeleza siku ya kutimiza sitini.

"Kwa kulehemu," alisema.

Akasikia neno likirudiwa kwa sauti kubwa chumbani kule. Kikafuata kishindo, kama maji yaliyofunguliwa. Na ndani yake akamtambua bingwa wa sarufi, kwa jinsi alivyokuwa akivuta pumzi kabla ya kucheka. Simu ilikohoa. Mwenyekiti akarudi.

"Wanauliza, kwa mwaka huzaa wangapi?"

"Inategemea. Kwik. Inategemea kama mtaniacha nibaki."

"Utabaki, Profesa. Mikono imenyooshwa yote. Sasa niambie namba, katibu ameshika kalamu."

Profesa alimtazama Fundi. Fundi alinyoosha vidole, akavikunja, akavinyoosha tena, akahesabu midomo ikicheza, kisha akainua mabega kama anayesema, tukijitahidi.

"Andika mia mbili," alisema Profesa.